Taarifa ya Mwenyekiti Juu ya Kompyuta ya Misunkumilo na Ufunguo wa Ghala

(Ilitolewa kwa mdomo mbele ya ghala la kijiji cha Misunkumilo, wilayani Mpanda, mwezi wa Novemba 1997, na Mzee Stanslaus Lyamba, Mwenyekiti wa Kamati.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Mkaguzi uliyetumwa na Wilaya, uliyepanda pikipiki ya serikali kutoka mjini mpaka hapa kwetu bila kuanguka hata mara moja. Mheshimiwa Diwani, ambaye hukuweza kufika lakini kofia yako imefika na tumeipa kiti. Bwana Mtendaji wa Kijiji. Katibu wangu wa Kamati, Ndugu Ezekia, mshika karatasi. Waheshimiwa viongozi wa dini, mnaopatana na msiopatana. Waheshimiwa wenye baiskeli na waheshimiwa watembea kwa miguu. Ndugu zetu wa Katumba mliokuja na ngoma. Wafugaji mliokuja na ng'ombe ijapokuwa tangazo lilisema mje peke yenu. Na wewe shemeji yangu Nyanzala, mdogo wake mke wangu, uliyekaa mbele kabisa juu ya gunia la mahindi ili Mgeni alione vizuri. Mabibi na mabwana, vyeo vyote vimetajwa, na ambaye hakutajwa aandikishe lalamiko lake kwa Katibu, litashughulikiwa katika awamu inayofuata.

(Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Mimi balozi wa nyumba kumi umeniruka!")

Nimesema awamu inayofuata, balozi. Kaa.

Bwana Mkaguzi, taarifa hii ina kurasa kumi na moja na nimeziandika mwenyewe, mimi nikisema na Ezekia akiandika, lakini leo nitaitoa kwa kichwa, kwanza kwa sababu mimi kichwa changu ni kama kabati, kitu kikiingia hakitoki, na pili kwa sababu miwani yangu imebaki nyumbani.

(Nyanzala: "Miwani gani, shemeji? Dada anaishi na wewe miaka thelathini hajaiona!" Vicheko.)

Miwani ni suala la ndani ya familia, na suala la ndani ya familia haliingii kwenye taarifa ya utekelezaji. Tuendelee.

Umekuja, Bwana Mkaguzi, kwa sababu kuna watu, sitawataja, mmoja wao amekalia gunia, walioandika barua Wilayani wakilalamika kwamba ghala hili mnaloliona nyuma yangu nimelifunga miaka miwili, kwamba ufunguo ninao mimi peke yangu, kwamba mahindi ya kijiji kizima yamerundikwa pale uwanjani juu ya magogo na kufunikwa kwa turubai lililotoboka, na kwamba redio imetangaza mvua ya mwaka huu itakuwa kubwa kuliko zote, yenye jina la Kizungu. Hayo yote ni kweli tupu. Lakini ukweli mtupu bila maelezo ya kitaalamu unaweza kumpotosha mgeni, ndiyo maana mimi nimepewa nafasi ya kuzungumza na wao hawakupewa.

(Makofi machache. Ngurumo kwa mbali, upande wa Mpimbwe.)

Hiyo isiwatishe. Iko mbali sana hiyo.

Mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano, mimi Stanslaus Lyamba, kati ya wazee wote wa tarafa hii, nilichaguliwa kwenda Sumbawanga kwenye semina ya siku tatu iliyohusu Teknolojia na Maendeleo Shirikishi, na kama kuna mtu anasema nilikwenda kwa sababu aliyechaguliwa aliumwa tumbo, huyo mtu hajui taratibu. Siku ya pili, baada ya chai na chapati mbili mbili, mtaalamu mmoja aliweka juu ya meza kisanduku chenye kioo kama televisheni, chini yake kibao cha herufi, na pembeni kidude chenye mkia kinachoitwa mausi. Akashika mausi. Akaenda juu ya kioo ambako pameandikwa maneno yamejipanga mstari mmoja kama wajumbe kwenye benchi. Akagusa neno moja, na chini ya lile neno likashuka orodha ndefu ya maneno mengine. Hiyo ndiyo menyu. Akachagua amri moja, akachagua ya pili, na mimi kwa macho yangu haya nikaona neno KARIBU limetokea upande wa kushoto, halina mtu anayelisukuma, likatembea, likafika katikati, likatikisika kidogo kama mtu anayekaa vizuri kitini, likatulia.

(Sauti ya mzee: "Likatulia lenyewe?")

Lenyewe, baba. Nikamwambia mtaalamu rudia, akarudia. Nikamwambia rudia tena. Watu wakaenda kula, mimi nikabaki nikisema rudia. Siku ile niliapa moyoni kwamba jina la Misunkumilo nalo lazima litembee, litoke kushoto, likae katikati, lionekane kwenye televisheni mpaka Dar es Salaam, watu waulize, hii Misunkumilo ni wapi, na waambiwe, ni kwa Lyamba.

(Makofi, vigelegele, ngoma ya Katumba kidogo.)

Hapo ndipo ulipozaliwa Mradi wa Maandishi Yanayotembea Misunkumilo, kwa kifupi MAYAMI.

Sasa nyie mnaosema Mwenyekiti hajui, sikilizeni, na wewe Bwana Mkaguzi andika, maana haya hamtayapata bure tena. Menyu ya mashine ile ina mabenchi sita. Benchi la kwanza linaitwa Faili. Faili ndiyo ofisi kuu: pale unaanzisha kazi mpya, unafungua kazi ya zamani, unaingiza picha kutoka nje, na kuna amri inaitwa Sevu, ambayo usipoitoa kila baada ya muda mfupi, umeme ukikatika kazi yako yote imekwenda na utalia kama mjane. Benchi la pili ni Editi, humo mna kukata, kunakili, kubandika, na juu kabisa ya benchi lile, kwenye kiti cha heshima, imekaa amri moja inayoitwa Andu. Andu, ndugu zangu, ni amri ambayo hata serikali nyingi duniani hazina. Ukikosea, hugombani na mtu, husingizii mwenzio, huundi tume. Unakwenda Editi, unachagua Andu, kosa linarudi lilikotoka na mambo yanakuwa kama yalivyokuwa kabla hujakosea. Nilimuuliza mtaalamu, je, hata bosi anaruhusiwa kutumia Andu? Akanijibu, mzee, bosi ndiye anayeihitaji zaidi.

(Vicheko. Nyanzala: "Hapo umesema neno, shemeji. Hilo nalishika.")

Shika, mama, elimu haina ubaguzi. Benchi la tatu ni Komposisheni, yaani uwanja wenyewe, unauambia upana wake na urefu wake na muda wake, kama mnavyopima kiwanja cha mpira. La nne ni Leya. Leya ni kupanga vitu kimoja juu ya kingine kama mashuka kitandani, ya juu inafunika ya chini, lakini ya chini ipo, haijaenda popote, ukiiondoa ya juu unaiona. La tano Efekti, hayo ni marembo, kivuli, moshi, kung'aa. La sita Windo, nalo mtaalamu hakulifikia, muda wa semina uliisha. Lakini utamu wa yote ni kitu kinachoitwa kifremu. Unaiambia herufi: mwanzo wako hapa, mwisho wako pale. Basi. Katikati inajitegemea, inatafuta njia yenyewe. Ningekuwa na watumishi wa namna hiyo kwenye Kamati, tungekuwa mbali.

(Ezekia anakohoa.)

Sikukusudia wewe, Katibu.

Niliporudi kutoka Sumbawanga sikulala... nililala, lakini kidogo. Nilikuwa nimepewa vitu viwili: kijitabu chenye picha za menyu zote, na karatasi nyingine yenye mhuri nitakayoieleza baadaye. Mtaalamu alikuwa amesema wafadhili wataleta mashine vijijini, na kwamba mashine hii ina maadui watatu, vumbi, panya na unyevu. Nikatazama kijiji kizima nikitafuta nyumba isiyo na vumbi, panya wala unyevu. Nikaona moja tu. Mnaiona wote. Kwa hiyo kwa mamlaka niliyonayo nikaelekeza mahindi yatoke nje, ghala lifagiliwe siku nne, madirisha yazibwe kwa nailoni, pakawekwa meza, kiti kimoja cha mtumiaji na kimoja cha Mwenyekiti, na pale mlangoni, juu ya ule mwandiko wa zamani, fundi Sixte akapaka chaki pote, akaandika kwa mkaa maneno mnayoyasoma hivi sasa: CHUMBA CHA KOMPYUTA, USIINGIE NA VIATU.

Simama, Sixte, wakuone. Huyu, Bwana Mkaguzi, ni kijana wa wazee wa Katumba, ndiye anayeandika majina ya maduka yote ya Majengo kule mjini, mkono wake haukosei. Nilimpa kile kijitabu nikamwambia, Sixte, mashine itakuja, lakini haiwezi kukuta wananchi wajinga. Akachora kioo cha kompyuta ndani ya ghala, ukuta mzima kwa chokaa nyeupe, futi kumi kwa nane, kikubwa kuliko hata cha Sumbawanga. Juu akaandika menyu zote sita. Nikachonga fimbo ndefu ya mti wa mtundu, hiyo ikawa mausi. Mwanafunzi anaingia bila viatu, anashika mausi, anagusa ukutani Faili, na Sixte kwa mkaa anashusha orodha. Mwanafunzi anagusa amri, Sixte anatekeleza. Ukimwambia herufi M isogee, anaifuta kwa kitambaa anaichora kidole kimoja mbele, anafuta, anachora, anafuta, anachora, mpaka inafika. Jina la Misunkumilo lilitembea ukutani mle kutoka kushoto mpaka katikati kwa siku tisa, likatikisika siku ya kumi, likatulia.

(Makofi makubwa. Sauti: "Mimi nililiona!" Nyingine: "Mimi ndiye niliyesukuma ile S!")

Takwimu hizo hapo zinaongea zenyewe. Wananchi themanini na saba wamehitimu amri za menyu, sawa na asilimia mia na nne ya lengo. Wanaojua Sevu ni wote. Wanaojua Andu ni wote. Wanaojua Leya ni wote isipokuwa wawili waliohamia Majimoto kulima mpunga kabla ya kipindi hicho. Na ajali kazini ni moja tu, pale mausi ilipomchoma Ezekia jichoni, naye ameshapona na anaona vizuri kuliko zamani.

(Upepo. Turubai la uwanjani linanyanyuka upande mmoja. Wanawake wawili wanakimbia kulishikilia.)

Waacheni, wameshalishika.

(Nyanzala anasimama: "Mwenyekiti, hatukatai. Mimi mwenyewe nimesoma mle ndani, nimesogeza O nzima kwa mkono huu. Lakini mashine iko wapi?")

Swali zuri, na linajibika. Bwana Mkaguzi, kwenye menyu kuna amri ya mwisho kabisa inaitwa Renda. Ukishapanga kila kitu, unatoa amri ya Renda, na mashine inaanza kupika. Ikiwa inapika huruhusiwi kuigusa, huruhusiwi kuiuliza, huruhusiwi kufunua chungu. Inaweza kuchukua saa, inaweza kuchukua siku. Kwa hiyo mashine iko wapi? Jibu la kitaalamu ni kwamba suala la mashine linarenda.

(Nyanzala: "Mwaka jana ulisema linarenda." Sauti: "Na kisima kinarenda!" Sauti nyingine: "Na zahanati!" Vicheko vingi.)

Chekeni. Kila wiki treni ya Tabora ikiingia Mpanda, ni nani anakwenda stesheni na ngoma kuipokea mashine? Ni mimi na Kamati. Tumeipokea treni mara tisini na mbili. Abiria sasa wanatujua, wakitoka kwenye mabehewa wanatupungia mkono, kuna baba mmoja wa Kaliua anadhani tunamwimbia yeye. Je, kamati isiyo na imani inaweza kupiga ngoma mara tisini na mbili? Na nyie mnaosema Lyamba ana roho mbaya, nendeni pale kwenye turubai mkahesabu. Magunia kumi na saba yenye alama ya msalaba mwekundu ni ya nani? Ya nyumbani kwangu! Nayo yapo nje kama yenu, yamelala na yenu, kwa sababu kiongozi anayefungia wenzake ghala halafu anaficha ya kwake ndani, huyo si kiongozi.

(Nyanzala: "Dada kalia wiki nzima kwa hayo kumi na saba!")

Najua. Nilikuwepo akilia.

(Tone la kwanza linaanguka juu ya kofia ya Diwani. Bwana Mkaguzi anatazama pikipiki yake.)

Hilo ni tone moja. Tone moja si mvua, ni taarifa ya awali tu.

(Matone zaidi. Sauti: "Mzee, fungua!" Sauti ya mama: "Baba, tutakula nini Januari?" Watu wanaanza kusimama.)

Kaeni! Sijafunga hotuba. Bado nina mipango ya muda mfupi, wa kati na mrefu. Ndani ya miezi sita Misunkumilo itakuwa na kompyuta tatu. Umeme utavutwa kutoka mjini, ni hatua chache tu hizi. Kila kitongoji kitakuwa na jina lake linalotembea. Na Ghala hili litakuwa Taasisi. Nikilifungua leo kwa magunia, vumbi litaingia, panya wataingia, unyevu utaingia, maadui wote watatu kwa siku moja, na Jumamosi treni ikileta mashine tutaiweka wapi, kichwani kwa Ezekia? Sifungui. Nimesema sifungui. Lyamba akisema sifungui hata mvua inajua.

(Mvua inajua lakini inaendelea. Nyanzala anakwenda mlangoni, anachukua fimbo ya mtundu iliyoegemezwa pale, anarudi na kuielekeza kifuani kwa Mwenyekiti.)

Shemeji, weka chini mausi. Hiyo ni mali ya mradi.

(Nyanzala: "Ulitufundisha mwenyewe, Mwenyekiti. Hugombani na mtu, husingizii mwenzio, huundi tume. Nakwenda Editi." Anaigusa kofia ya Mwenyekiti kwa ncha ya fimbo. "Nashuka." Ncha inateremka mpaka kwenye kifungo cha kwanza cha koti. "Andu." Umati: "Andu! Andu!")

Nyanzala, amri hii inatolewa ukutani, haitolewi kwenye mwili wa mtu...

(Sixte, ambaye kwa miaka miwili hajawahi kusikia amri asiitekeleze, anachomoa kitambaa mfukoni, anakilowesha kwa mvua, anakwenda mlangoni na kufuta. CHUMBA CHA KOMPYUTA kinatoka. Chini yake, kwa rangi ya bluu ya zamani, yanatokea maneno GHALA LA KIJIJI. Kelele za shangwe.)

Sixte! Nani kakuambia ufute?

(Sixte: "Nimeamriwa, Mwenyekiti. Menyu imefuatwa." Ezekia: "Ni kweli, mzee. Editi, halafu Andu. Hakuruka hatua.")

Hakuruka hatua?

(Umati: "Hakuruka!")

Leya ya juu imeondoka.

(Sixte: "Ya chini ilikuwepo, mzee. Haijaenda popote.")

Hm. Naomba kimya. Nimesema kimya, hata nyie ng'ombe. Bwana Mkaguzi, andika vizuri hapa, kabla karatasi haijalowa: Mwenyekiti hakushindwa. Mwenyekiti alifundisha, wanafunzi wakaelewa, na amri ilipotolewa kwa utaratibu, mfumo ukaitekeleza. Huo unaitwa ufanisi wa mradi. Ningekataa Andu leo, watu themanini na saba ningekuwa nimewafundisha uongo kwa miaka miwili bila viatu, na mimi sifundishi uongo. Kwa hiyo kwa mamlaka niliyonayo, naamuru ghala lirudi lilivyokuwa kabla sijakosea.

(Umati: "Kabla hujafanya nini?")

Mmesikia. Sirudii, mimi si yule mtaalamu. Ufunguo huu hapa, kwenye mfuko wa ndani wa koti, ndiyo maana sikuruhusu koti hili lifuliwe, na mke wangu aliliomba sana. Umefungwa kwenye karatasi usipate kutu. Ezekia, shika. Fungua haraka, ingizeni magunia, anzeni na ya wajane, ya msalaba mwekundu yawe ya mwisho.

(Ezekia anakunjua karatasi, anatoa ufunguo na kumrushia Sixte. Mlango unafunguliwa. Watu wanabeba magunia mbio. Ezekia amebaki na karatasi mkononi, anaisoma: "Mwenyekiti... hii ni fomu." Nyanzala: "Fomu ya nini?" Ezekia: "Fomu ya kuomba kompyuta. Haijajazwa. Hata jina.")

Isome yote, Katibu. Kwa sauti. Usiruke hatua.

(Ezekia: "Kijiji kitakachopenda kupata mashine kijaze fomu hii na kuirudisha kabla ya tarehe thelathini Juni, elfu moja mia tisa tisini na sita.")

Ahaa. Kumbe ndivyo inavyosema.

(Mvua, na miguu ya wabebaji.)

Ndugu wananchi, hiyo ndiyo karatasi yenye mhuri niliyosema nitaieleza baadaye, na baadaye ndiyo hii. Fomu ilipokelewa Sumbawanga, ikahifadhiwa mahali salama karibu na moyo wa Mwenyekiti, ikawa inasubiri mtu wa kuisoma, mtu wa kuisoma akawa anasubiri kuombwa, na wa kumwomba alikuwa ni Mwenyekiti, na Mwenyekiti ana cheo chake. Mimi nilijua ni cheti. Ina mhuri, ina mistari mizuri. Mtu akipewa karatasi yenye mhuri mbele za watu, hageuki kumuuliza jirani yake inasemaje.

(Nyanzala, taratibu: "Ungeniuliza mimi, shemeji. Darasa la saba ninalo.")

Ningekuuliza wewe, kijiji kingejua kabla jua halijazama.

(Nyanzala: "Kingejua, ndiyo. Na mashine tungekuwa nayo." Vicheko, hata Mwenyekiti anacheka. Anamwachia Nyanzala mwavuli wake na kubaki na kofia.)

Haya, namalizia, maana Mgeni amewasha pikipiki. Sixte, simama hapo ndani, elekeza wanavyopanga: magunia yaanzie chini ya kioo, yapande, lakini yasifike juu kwenye mstari wa menyu. Nataka zile amri zionekane juu ya mahindi. Na wewe Nyanzala, kesho asubuhi uje nyumbani na kalamu. Dada yako atapika chai. Utanisomea hiyo fomu tena polepole, na kama kuna fomu nyingine mahali popote Tanzania hii, tutaijaza, jina utaandika wewe, mimi nitaweka dole gumba.

Maandishi!

(Umati, kutoka chini ya magunia: "Yatembee!")

Menyu!

("Ishuke!")

Andu!

("Idumu!")

Kwa niaba ya Kamati napenda kumshukuru Mgeni Rasmi kwa kulowa na sisi. Namshukuru Diwani kwa kofia. Nawashukuru wapiga ngoma kwa kuipokea mara tisini na mbili treni ambayo haikuwa imebeba kitu chetu. Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru wafadhili wetu wa kompyuta, kokote waliko, ambao mpaka dakika hii ninapozungumza hawajapata kusikia kwamba kuna mahali panaitwa Misunkumilo. Asanteni sana. Sasa nisogezeeni na mimi gunia moja nibebe.

(Makofi. Mvua.)